Nani Amemzalisha?

Tangu baraza la wakunga limsimamishie leseni, mkunga huyu hakuwa na raha hata ya kunywa chai. Mzazi mmoja alikuwa amefia mikononi mwake wodini. Mpaka uchunguzi umalizike, aliambiwa waziwazi, asimguse mjamzito yeyote. Akikaidi, leseni itafutwa moja kwa moja.

Mchana mmoja, akiwa kwa mdogo wake, uchungu ukamshika mdogo mtu kabla ya wakati. Walipiga simu kuita gari la wagonjwa, wakaambiwa liko njiani. Njia gani hiyo, Mungu ndiye anayejua.

"Dada, anakuja!" mdogo wake alilia kutoka bafuni.

"Jikaze, mdogo wangu. Gari linafika sasa hivi."

"Gari gani? Ndiyo unaniangalia tu kama mgeni?"

Mkunga alisimama mlangoni, mikono kaibana kwapani. Kisha akaona utosi wa mtoto. Hapo akasahau baraza, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji.

Mtoto akatoka akilia kwa nguvu. Wa kike. Lakini nyuma yake damu ikaja, na haikukata. Ndani palikuwa pamechanika. Mkunga akaingiza gozi, kitambaa cha kufungia vidonda, kutoka kwenye begi lake la kazi, akakandamiza mpaka mikono ikafa ganzi, huku shemeji yake, mume wa mdogo wake, akikimbia kuomba gari la jirani.

"Shemeji, nisikilize," yule bwana alimwambia njiani, jasho linamtiririka. "Tukifika, wewe hukuwepo. Kajifungua peke yake. Hatuwezi kukuponza."

Kwa hiyo hospitalini akabaki kwenye benchi la ukumbini. Mlango ulikuwa wazi, akasikia kila neno.

"Nani amemzalisha?" daktari aliuliza.

"Hakuna mtu. Nimemkuta bafuni."

"Kuna chochote kimewekwa ndani?"

"Hakuna, daktari."

Shemeji hakujua habari ya gozi, na mgonjwa mwenyewe alikuwa hajitambui. Kitambaa kile kikisahaulika mle kitaoza, na mdogo wake atakufa kwa homa. Akamkonyeza shemeji atoke. Shemeji akatikisa kichwa kwa ukali, akidhani anataka kuingia.

Mkunga akainuka, akaingia.

"Daktari, kuna gozi ndani. Nimeliweka mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mkunga." Halafu akamalizia, "Nimesimamishwa kazi."

Shemeji akajishika kichwa.

Gozi lilitolewa, mdogo wake akashonwa, akapona. Daktari alitoa taarifa, maana sheria ilimbana na yeye. Barazani, mkunga alielezwa kwamba kwa yule mzazi wa wodini hakukutwa na kosa. Lakini hili la bafuni?

"Ulijua umekatazwa?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilijua."

"Hukuweza kungoja gari?"

"Ningengoja, ningezika."

Mwenyekiti aliinamisha macho, kisha akasoma uamuzi. Leseni imefutwa, na hana ruhusa ya kuomba nyingine.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa jirani, tumbo limeshuka, alimgongea mlango. "Mama mkunga, nisaidie unipime tu. Mtoto ameacha kucheza tangu asubuhi."

"Nenda hospitali, mama. Nenda sasa hivi."

"Nishike tu tumbo, jamani. Mkono tu."

Akamfungia mlango. Akaketi nyuma yake sakafuni, akalia kwa sauti, huku nje yule mama akiendelea kugonga.