Ninyi, Bwana Kalina

Safari yenyewe haikuwa wazo langu. Ilikuwa zawadi ya mjukuu wangu Vendula, msichana mwenye shahada mbili za uhandisi wa madaraja, ambaye hajapata kuchelewa mahali popote isipokuwa mezani kwangu. Alinunua tiketi za treni kutoka Olomouc hadi Budapest, akalipia chumba, kisha ndipo akanipigia simu.

“Babu, ni siku tatu tu. Wewe na Bwana Kalina. Mkaoge maji moto, mle vitu vya mafuta, mcheke kidogo kabla hajaondoka.”

“Kucheka hakuhitaji treni,” nilimjibu.

“Kwako wewe, Babu, kunahitaji hata ndege.”

Sikumkemea. Mtoto yule amerithi ulimi wa marehemu mke wangu, nami hujivunia urithi huo hata unaponichoma.

Bwana Otakar Kalina alikuwa akihamia Bergen, Norwe, mwishoni mwa mwezi, akakae kwa mwanawe kwa sababu macho yake yalikuwa yakififia. Kinanda alikwisha kukiuza. Watu wa umri wetu hawahamii mahali kwa majaribio. Nilijua kwamba hatarudi. Alikuwa amefundisha muziki katika shule niliyoiongoza, na tangu siku zile tumekuwa tukila pamoja kila Alhamisi. Alisimama nyuma yangu nilipomzika mke wangu, nami nikasimama nyuma yake alipomzika wake. Hata hivyo, mimi na yeye tulikuwa bado tukiitana “ninyi”.

Katika Kicheki chetu, mtu anayeheshimiwa huambiwa “ninyi” hata akiwa peke yake, kana kwamba amekuja na ukoo wake mzima. “Wewe” ni ya mke, ndugu, mtoto, mbwa na Mungu. Marafiki wanaotaka kuuvuka mpaka huo hushika glasi, mmoja akataja jina lake la ubatizo na mwenzake akataja lake, na tangu hapo ni “wewe” hadi kaburini. Mkubwa ndiye huanza. Mdogo akianza, huo ni utovu wa adabu. Kalina alizaliwa mwezi Machi, nami nilizaliwa Novemba ya mwaka ule ule. Haki ilikuwa yake, na hakuitumia kamwe. Kwa miaka mingi nililichukulia jambo hilo kuwa utaratibu tu. Tangu alipouza kinanda, nililiona kwa jicho jingine: huenda kwake sikuwa rafiki, bali mkuu wa shule mstaafu ambaye mtu hula naye supu kwa mazoea. Hilo ndilo nililokwenda Budapest kulijua, ingawa Vendula sikumwambia.

Siku ya kwanza tulipanda kilima cha ngome kwa miguu, kwa kuwa mimi sipendi kubebwa na mashine penye ngazi. Kalina alisimama kila baada ya hatua chache kuutazama mto ambao, kwa macho yale, hakuuona.

“Mmechoka, Bwana Kalina?”

“Sijachoka, Bwana Mkuu. Ninaufurahia mto.”

“Mto uko upande wa pili.”

“Basi ninaufurahia ukuta.”

Tulipofika juu, hatukuwa na nguvu za kutazama chochote. Tuliketi karibu na kibanda, tukala mkate uliokaangwa na kupakwa kitunguu saumu na krimu, tukasikiliza magoti yetu. Hakusema neno nililolingoja.

Siku ya pili tulikwenda kwenye mabwawa ya maji moto. Hakuna kinachochosha kama kupumzika kwa sababu mjukuu wako ameagiza upumzike. Tulizama hadi kidevuni, wazee wawili waliobakiwa na kaptura tu, na mvuke ukapanda kati yetu. Vijana wa Kiingereza waliingia kwa kelele wakimsukuma mwenzao aliyekuwa karibu kuoa. Walikuwa wamemvisha shela.

“Bwana Mkuu,” alisema Kalina akikaza macho, “ninyi mnaona vizuri. Yule bibi harusi ana ndevu, au ni mimi?”

“Anazo.”

“Basi mume atajihadhari.”

Nilikaribia kucheka. Maji yale yalikuwa yamenilegeza, na nilifikiri: sasa. Mtu na mwenzake wakiwa karibu uchi, wamefumba macho, mahali ambapo hakuna anayewafahamu, “ninyi” inabaki na kazi gani? Naye Kalina, kama aliyenisikia, alinigeukia polepole, akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

“Bwana Mkuu, naomba msamaha...”

“Semeni, Bwana Kalina. Semeni tu.”

“Mmenikanyaga.”

Niliuondoa mguu. Vendula alipopiga simu jioni na kuuliza kama tumefurahi, nilimwambia kwamba maji yalikuwa ya moto kama ilivyotangazwa.

Asubuhi ya tatu, miguu yetu ilikuwa imekataa kabisa mambo ya ngazi, tukapanda tramu inayofuata kingo za Danubi. Ilijaa. Msichana mwenye kitabu alitutazama, akainuka, akatuonyesha kiti chake. Kiti kilikuwa kimoja.

“Kaeni, Bwana Kalina,” nilisema.

“Haiwezekani. Kaeni ninyi.”

“Mkubwa ndiye hukaa.”

“Ndivyo nisemavyo mimi. Kaeni, Bwana Mkuu.”

“Bwana Kalina, msinitanie. Mkubwa ni ninyi.”

“Mimi? Tangu lini?”

“Tangu Machi! Mimi ni wa Novemba.”

Kalina alishika nguzo kwa mikono miwili. “Nani anazungumzia Machi? Ninyi mlikuwa mkuu wangu. Mlitia saini ruhusa zangu za likizo. Mkubwa ni ninyi.”

Wakati tukibishana, mama mmoja mnene mwenye mbwa mdogo alikaa pale, akampakata mbwa, akatutazama kwa huruma. Sisi tulibaki tumesimama, na nikaona uso wa Kalina ukibadilika kama uso wa mwanafunzi anayegundua kwamba swali alilisoma vibaya tangu mstari wa kwanza.

“Bwana Mkuu,” alisema kwa sauti ya chini, “kwa hiyo miaka yote hii mlikuwa mkinisubiri mimi?”

“Kwa adabu, ndiyo.”

“Na mimi nilikuwa nikiwasubirini ninyi. Kila mwaka nilimwambia mke wangu: safari hii ataniambia. Mwisho akaniambia, Otakar, huyo mtu hakupendi, mle supu yenu mnyamaze.”

Alicheka hadi akakohoa, na yule mbwa akabweka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika mpini wa juu kwa nguvu kuliko tramu ilivyohitaji.

Tulishuka kituo kilichofuata, tukaingia mkahawa wa kwanza wenye viti. Aliagiza kahawa mbili zenye krimu na vikombe viwili vidogo vya pombe kali ya aprikoti. Lakini tatizo lilikuwa pale pale: aanze nani? Sheria ya umri ilimtaja yeye, sheria ya cheo ilinitaja mimi, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kumnyang’anya mwenzake haki.

“Tuanze pamoja,” alisema Kalina. “Kama kwaya. Nitatoa ishara.” Akainua kidole, akakishusha.

“Otakar.”

“Bohumil.”

Tukanywa. Nilingoja furaha ije. Uliokuja ni uchovu mwepesi, kama wa mtu aliyetua mzigo na sasa hajui mikono aiweke wapi.

“Bohumil,” alisema kwa uangalifu, “una krimu kwenye masharubu.”

Nilipangusa. Siku zote, Kalina angesema: labda Bwana Mkuu mngependa kitambaa? Nilijitahidi kulipa kwa sarafu ile ile. “Nawe, Otakar, umefunga vifungo vya koti vibaya.”

“Sioni, ndiyo maana.”

“Ungeniuliza.”

“Ningekuuliza, ungenihutubia.”

Ikaanza hivyo. Tulitembea kuelekea stesheni, na lile neno dogo likatufungulia milango ambayo hakuna aliyeomba ifunguliwe. Aliniambia kwamba ninatembea haraka ili nionekane. Nikamwambia kwamba yeye husimama ili ahurumiwe. Akaniambia kwamba hotuba zangu za kufunga shule ziliwalaza wazazi, na kwamba yeye alikuwa akiwaamsha kwa tarumbeta makusudi. Nikamwambia kwamba kwaya yake, wewe Otakar, kila mwaka iliimba chini ya noti, na kila mwaka nilipiga makofi kwa uongo.

Alisimama. Safari hii hakuwa na mto wa kusingizia.

“Ulipiga makofi kwa uongo,” alirudia.

Tulimaliza barabara ile, mimi mbele na yeye nyuma, tukavuka, tukakaa kwenye benchi la stesheni na mabegi yetu katikati. Njiwa walipita chini ya miguu yetu. Nilihesabu kwamba nilikuwa na rafiki wa “wewe” kwa muda usiotosha hata kupoza chai, na kwamba angekwenda Bergen akilikumbuka lile la kwaya. Yale mengine yote yangesahaulika. Sijawahi kuwa na uchovu kama ule, wala haukuwa wa miguu.

Treni ilipoletwa, Kalina aliinuka kwanza. Alilishika begi langu, si lake, kwa sababu hakuona vizuri, kisha akageuka.

“Bwana Mkuu,” alisema, “mngependa kukaa dirishani?”

Nilimtazama. “Tulikunywa, Otakar.”

“Tulikunywa, najua.” Alipumua. “Nisikilizeni. Mwanangu ananiita wewe. Daktari ananiita wewe, na ana umri wa soksi zangu. Yule mwuza mikate wa juzi aliniita wewe, naamini, hata kwa Kihungari nilisikia. Huko ninakokwenda, mwanangu anasema hawana hata neno la ninyi, walilitupa. Kila mtu ananiita wewe sasa, Bwana Mkuu, kwa kuwa mimi ni mzee na sioni. Amebaki mmoja tu ambaye akinisemesha hunifanya niinyooshe tai. Na ninyi pia mkiniita wewe, nitakuwa nani?”

Nilitaka kumwambia habari ya makofi, kwamba mwaka mmoja, mwaka wa nyimbo za majira ya kuchipua, sikudanganya. Nilimwambia. Akatikisa kichwa: mwaka ule anaukumbuka, waimbaji walikuwa watatu, wengine waliugua mafua.

Tukaingia ndani. Nilimkalisha dirishani, ingawa dirisha halikumfaa kitu, kwa sababu yeye ni wa Machi. Hakubisha. Alinikabidhi tiketi zote mbili, kwa sababu mimi nilikuwa mkuu wake, nami pia sikubisha. Mji ulianza kurudi nyuma, kwanza maghala, kisha bustani ndogo za watu.

“Mtakapokuja Bergen,” alisema akiwa amefumba macho, “msinione nikiwa nimevaa sweta la mwanangu.”

“Nitatoa taarifa mapema, Bwana Kalina.”

“Mtoe.”

“Sasa laleni. Mmechoka. Nitawaamsheni tukifika mpakani.”

Akalala.