Goti la Watiri na Ngazi za Majengo

"Mguu mzima kwanza, maitu," Shiku alisema kutoka nyuma. "Mzima. Huo si mzima."

Watiri alikuwa ameshatanguliza mguu mgonjwa. Goti likalia kama changarawe chini ya kiatu, naye akaegemea ukuta, akavuta pumzi kwa meno. Ukuta, na chuma cha kushikilia kiko upande wa pili. Shiku alikuwa amelisema hilo mpaka ulimi ukaota sugu.

"Ati sasa nifikirie kila hatua kama mtoto," mama akanung'unika. "Hii ngazi yenu ilijengwa na mtu wa kuchukia wazee."

Waliitana maitu wote wawili, yaani mama, maana Shiku alipewa jina la nyanya yake, mamaye Watiri, na kwa desturi ya kwao aliyepewa jina ndiye mwenyewe. Zamani jambo hili lilimchekesha. Siku hizi lilimchosha, kwa kuwa kati ya mama wawili wa nyumba hiyo hakuna aliyekubali kuwa mtoto.

Goti lilikuwa limemkatalia Watiri shambani kwake Othaya, akaletwa Nyeri mjini kwa binti yake, ghorofa ya juu kabisa, Majengo. Mtu wa fizio, tabibu wa mazoezi ya viungo, alimweleza kwa upole. Ukipanda ngazi, goti lililokunjwa hubeba mwili wote, na uzito huo huikandamiza pia ya goti, kile kifupa cha mbele. Msuli wa paja ukilegea, hakuna wa kuipunguzia. Basi mguu mzima utangulie kupanda, mgonjwa utangulie kushuka. Ashike chuma. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu, aushikilie hapo kidogo, aushushe, paja lipate nguvu polepole. Na kwa sasa asibebe mzigo.

"Kama siku ya hukumu," Watiri alisema. "Wazuri juu, wabaya chini." Mtu wa fizio akacheka, Shiku akacheka, wakaamini ameelewa.

Na ilibidi aelewe. Kihara, kaka yake Shiku anayefanya kazi Kerugoya, alikuwa ametoa neno: atakuja Jumamosi, na akimkuta mama bado hawezi ngazi, shamba la chai litakodishwa na mama atahamia kwake moja kwa moja. Watiri hakubishana. Alisema tu, "Atanikuta napanda."

Shiku akalilea goti hilo kama kifaranga. Taulo la maji moto, dawa ya kupaka, zoezi la kiti. Na kila jioni akirudi kutoka hotelini alikopika chapati, alilikuta limevimba kuliko alivyoliacha. Alibadilisha dawa. Alibadilisha kiti. Akamshuku mtu wa fizio, kisha akajishuku mwenyewe.

"Ulifanya mazoezi?"

"Nilifanya."

"Vile ulionyeshwa?"

"Nilifanya mingi kuliko hiyo."

Jibu hilo lingemfumbua macho, ila alikuwa amechoka.

Alhamisi gesi iliisha hotelini, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Shiku alipoingia kwenye jengo mchana huo, aliona mtungi wa plastiki wa maji ukipanda ngazi. Chini ya mtungi palikuwa na mgongo wa mama yake, ameinama, mkanda wa ngozi umekazwa kwenye paji la uso kama mtu atokaye mtoni. Nyuma yake alifuata Kanini, mwalimu Mkamba aliyekuwa jirani yao, mtoto mchanga kifuani.

"Shiku, mimi nilikataa," Kanini alisema upesi. "Maji haifiki juu, na yeye hataki nibebe. Kila siku ananiambia ni dawa."

"Kila siku?"

Watiri hakugeuka. Mkanda ukiwa kichwani mtu hageuki. "Huyo fizio alisema paja iko dhaifu. Sasa paja hupata nguvu kwa kukaa kwa kiti? Hata ng'ombe ya kulima haifunzwi ikiwa imelala."

"Alisema usibebe."

"Alisema. Lakini hajawahi kuona shamba yangu."

Shiku aliutua mtungi, maneno yamemjaa mpaka hakujua aanze na lipi. "Maitu, mimi nakanda hiyo goti jioni, wewe unaiponda mchana. Mimi ni fundi wa kuziba matundu unayotoboa? Jumamosi Kihara atakupata umekaa, na hiyo chai yako utaisikia kwa simu."

Mama akakaa juu ya mtungi. Sauti yake ikashuka. "Na nikipanda na mikono mitupu, halafu? Shamba ni kilima. Majani yatajibeba kutoka kule chini mpaka kituo cha kupimia chai? Kihara anauliza kama naweza ngazi. Mimi najiuliza kama naweza kikapu."

Hasira haikumtoka Shiku, ila ilikosa pa kukaa. Kumbe mama alikuwa akijiandalia mtihani ambao hakuna mwingine aliyeuona.

"Basi mwambie hivyo," alisema hatimaye. "Na mpaka Jumamosi unakaa kwa kiti. Nitakufunga na kamba."

"Utafunga mama yako?"

"Nitafunga mtoto wangu."

Jumamosi Kihara alisimama chini ya ngazi, mikono mfukoni, kama mkaguzi wa barabara. Watiri alishika chuma, akatanguliza mguu mzima, akauleta mgonjwa kando yake, akapumzika kila kona. Uvimbe ulikuwa umepungua kidogo.

"Anapumzika sana," Kihara alisema.

"Hata wewe unahema," Shiku akamjibu.

Walipofika mlangoni mama aligeuka kabla ya kuketi. "Kihara, kupanda napanda, umeona. Kubeba siwezi tena."

Shiku akatazama kando. Hakuwahi kumsikia akisema siwezi.

"Nitachuma mwenyewe," mama akaendelea. "Mtu mwingine abebe."

"Ya nini yote hiyo, maitu? Nyumba yangu haina ngazi hata moja."

"Haina. Na haina chai yangu."

Kihara alisugua shingo. Kisha akasema jirani yao wa kule Othaya, Ndungu, ana pikipiki na hupeleka majani yake kituoni. Angeweza kubeba na ya mama. Wajaribu hivyo mpaka Krismasi, ndipo waone.

Shiku akashusha pumzi, akashika sufuria kuinjika chai.

"Ndungu?" mama alisema nyuma yake. "Huyo hushindilia majani kwa gunia mpaka yanapata moto na kuharibika. Hapana. Akuje na kikapu. Na asiguse kitu kabla sijamwonyesha vile yanapangwa. Na asiwe na haraka, mimi siku hizi natembea polepole."

Shiku, sufuria mkononi, alimwonea Ndungu huruma kabla mtu hajampigia simu.