Chaneli ya Getini

Mtengeneza meno bandia alinunua kadi ya kunasia televisheni kwa sababu alitaka kuona mpira kwenye kompyuta, kwa picha safi kiasi cha kuona hadi nyasi zilizokanyagwa. Aliifungua kompyuta mezani, akaipachika kadi, akachomeka waya wa kebo uliotoka ukutani, akaiamuru itafute chaneli. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi na yeye na mkewe tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, alivuta kiti akasubiri.

Kompyuta ilitafuta mpaka chai ikapoa. Chaneli zikapatikana tele, zote zimefungwa: kioo cheusi na maandishi ya kumtaka mteja alipie. Isipokuwa moja. Hiyo ilionyesha geti la jengo lao, kutoka kamera ya mlinzi iliyounganishwa na waya uleule.

"Hii si chaneli, Mama," alisema. "Ni geti."

"Picha yake nzuri," alisema mama mkwe. "Iache."

Ikaachwa. Haukupita muda mama mkwe akawa anajua nani kanunua godoro na nani hasalimiani na nani. Mkwewe alijifanya hatazami.

Jioni moja mkewe alitokea kwenye picha. Alikuwa mpokezi wa wagonjwa hospitalini, kazi ya kutukanwa na watu wenye maumivu. Hakuingia. Alikaa kwenye ukingo wa bustani, mkoba mapajani, akafumba macho kama mtu anayejikusanya. Picha ilikuwa safi mno. Mumewe aliona midomo yake ikitetemeka. Mke alipopanda juu alikuwa anatabasamu, akasema njiani kulikuwa na foleni.

"Hufanya hivyo kila siku," alisema mama mkwe, binti yake alipokwenda kuoga. "Nilidhani unajua."

"Sikujua."

Siku iliyofuata, mume alipomwona amekaa pale, alivaa viatu akashuka.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza. "Mama mzima?"

"Mzima. Nimekuja kukaa."

"Umejuaje niko hapa?"

Alimwonyesha kamera juu ya nguzo, akamweleza habari za kadi tangu mwanzo, pamoja na bisibisi aliyotumia. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnanitazama."

"Mama ndiye anatazama. Mimi huwa napita tu."

Mkewe alicheka, kisha machozi yakamtoka. Aliyafuta kwa kiganja, akasogea kumpa nafasi.

"Leo mtu kanirushia faili usoni. Usiniulize."

Hakuuliza. Wakakaa. Simu ya mume ikaita, alisikiliza, akaikata.

"Mama?"

"Anasema nikushike mkono. Eti tunaonekana kama watu wanaosubiri kesi."

Akamshika.

Miezi michache baadaye mkewe alihamishiwa maabara, ambako chupa hazimpigii mtu kelele. Hakuwa tena na haja ya kujikusanya. Hata hivyo, kila alipokaribia nyumbani alimpigia mumewe simu, naye akashuka.