Mtungi wa Yakobo

Jumatatu moja ya mwaka 1951, saa tatu asubuhi, Kristina wa Mgeta alisimama mbele ya baraza moja la mjini Morogoro kudai shamba la marehemu mama yake. Alikuwa ameshuka milima ya Uluguru tangu jana yake, na kabla hajaingia alinawa miguu mferejini. Akaanza kutaja mipaka kama alivyofundishwa nyumbani, jiwe kwa jiwe na kijito kwa kijito, kwa ile lafudhi ya Kiluguru ambayo neno hupanda linapofika mwisho. Karani Ahmadi aliandika mistari miwili, kisha akaweka kalamu chini. Alisema hana ubaya na mtu, ila lafudhi hiyo haikai kwenye karatasi. Ni kweli haikukaa. Wino ulikuwa umekwisha teleza hadi ukingoni mwa ukurasa na kudondokea mezani, na Ahmadi akaupangusa kwa kitambaa alichokiweka pale kwa ajili ya watu wa milimani.

Aliyefuata kusema alikuwa Yakobo, mdogo wa marehemu mume wa Kristina, karani wa ghala la katani. Yakobo naye ni mzaliwa wa Mgeta, lakini Kiswahili chake kilinyooka kama suruali yake iliyopigwa pasi. Alisema shamba lile kaka yake amelilima miaka ishirini, kwa hiyo lilikuwa la kaka yake, na sasa ni lake yeye. Mgeta hata mtoto anajua kwamba ardhi hufuata upande wa mama, na mume hulima kwa hisani ya ukweni. Lakini maneno ya Yakobo yalikaa kwenye karatasi bila kuteleza hata nukta. Hakimu akampa Kristina mwezi mmoja arudi na maneno yanayoandikika.

Watu wakamwelekeza mtaa wa Mwembesongo, kwa Mzee Mikidadi. Huyu alikuwa mkalimani tangu enzi za Mjerumani, na Morogoro haijapata mtu aliyejua kusema kama yeye. Akikusalimu, ulirudi kwako ukijiona umevaa nguo mpya. Wauza samaki waliacha kupatana bei ili wamsikie akiuliza njia tu. Alifundisha kwa mshumaa. Mwanafunzi alikaa shibiri moja mbele ya mshumaa akasema papai, pamba, pepo, na moto haukuruhusiwa kutikisika. Siku ya kwanza Kristina aliuzima mara arobaini. Mzee aliuwasha mara arobaini, bila kukunja uso, na bado alimwita mwanangu.

Chumba cha nyuma kilikuwa na rafu za mitungi midogo, na humo ndimo zilimokaa sauti za zamani.

"Koo moja halichukui sauti mbili," Mzee Mikidadi alimweleza. "Ikija mpya, ya kale tunaihifadhi."

Makarani, wauguzi, madereva na askari waliacha zao pale wakiahidi kuzirudia. Mkewe, Bi Mwanaheri, alizipa maji kila adhuhuri, kijiko kimoja kwa kila mtungi, maana sauti isiyonyweshwa hukauka ikabaki kikohozi. Jioni zilizungumza zenyewe kwa zenyewe, habari za mvua na za ndugu.

Wiki ya tatu Kristina alikohoa mara moja ndani ya mtungi mpya, sauti yake ikashuka humo. Kisha akasema, "Ahsante sana, mwalimu wangu," na mshumaa ukasimama wima. Alilia kidogo, kwa kuwa ilikuwa nzuri.

Bi Mwanaheri aliupanga mtungi huo mahali palipokuwa wazi. Sauti ya Kristina ikapiga hodi humo ndani, na mtungi wa jirani ukaitambua papo hapo.

"Shikamoo, shemeji," ukasema. "Habari za Mgeta? Umekwisha panda njegere kwenye lile shamba la mama yako?"

Ilikuwa sauti ya Yakobo, aliyoiacha pale miaka kumi na miwili iliyopita alipotafuta ukarani. Kristina akaomba aende na mtungi ule barazani. Kwa Mzee Mikidadi mtungi ni amana, na haujatoka hata mmoja bila mwenyewe. Mwishowe akauuliza mtungi. Ukajibu kwamba utakwenda, tena kwa furaha, maana haujatembea tangu kabla ya vita.

Siku ya kesi Kristina alisema. Waliokuwepo walikuja kusimulia mpaka uzeeni namna alivyosema: mawe ya mipaka yalitajwa kila moja na heshima yake, na maji ya kijito yakasikika yakipita katikati ya sentensi. Waliokuwa dirishani walivua kofia. Ahmadi aliandika kurasa tatu na wino haukutikisika. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na Mzee Mikidadi, aliyeketi nyuma, alijivunia.

Yakobo akainuka. "Bwana Hakimu," akasema, "msikie mwenyewe. Mwanamke anayesema hivi ameshika jembe lini? Huyu ni mtu wa mjini."

Hapo Kristina akafunua kanga na kuondoa kifuniko. Mtungi uliamkia baraza zima, kisha ukasema, "Shamba la njegere ni la mama yake shemeji. Kaka alipewa alime tu alipooa. Nilikuwepo, pombe ya kuombea shamba niliibeba mimi."

Kila mtu alisikia. Yakobo alitazama viatu vyake, na midomo yake ikawa inayafuatisha maneno yale. Ahmadi aliandika, wino ukateleza, akachukua kitambaa. Hakimu aliushukuru mtungi kwa kufika, akaagiza ufunikwe usije ukapigwa na upepo. Ulipofunikwa, akasoma hukumu. Lisilo kwenye karatasi halikusemwa, na mjane ameonyesha kwa kinywa chake mwenyewe kwamba si mtu wa milimani, wala mila ya milimani haimhusu. Shamba akapewa Yakobo.

Kristina aliinywa sauti yake ya kale siku hiyohiyo. Ile mpya aliiacha Mwembesongo, na Mzee Mikidadi akaiweka rafu ya juu kabisa. Akija mgeni wa heshima, huwasha mshumaa akaifunua aisikie. Yakobo alituma neno kwamba mtungi wake utupwe. Mzee hakuwahi kutupa sauti ya mtu, akamkabidhi Kristina.

Mtungi huo unakaa Mgeta, kwenye kichanja cha jikoni. Kutoka mlangoni huonekana vibarua wa Yakobo wakipalilia. Haukuisikia hukumu, na hakuna aliyeusimulia. Kila asubuhi huamkia, kisha huuliza kama shemeji amekwisha panda njegere.

"Bado," Kristina hujibu, na kuupa kijiko chake cha maji.