Milango ya Kabeza

Ilyasi alibisha hodi kwenye mlango alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akasubiri kama mgeni. Ukafunguka bila bawaba kulalama. Kimya hicho ndicho sifa ya seremala, lakini siku hiyo kilimchoma.

"Karibu, Mzee," alisema Illuminée, muuguzi mjane mwenye nyumba hiyo ya mtaa wa Kabeza. "Najua kilichokuleta. Silvère nilimlipa yote, na haki yako ikiwemo. Nikupe nini tena? Watoto?"

"Kaa nao. Wangu wananimaliza."

Wakacheka kicheko kikavu. Silvère, mkandarasi aliyempa Ilyasi kazi, alikuwa amevuka mpaka wa Burundi bila kumlipa, na hakuna aliyejua alikofikia.

Maseremala wa Gikondo wana desturi yao: mlango hutundikwa, ufunguo hubaki kwa fundi mpaka alipwe. Lakini mwaka ule wa 1993 nani Kigali alithubutu kulaza watoto penye mlango usiofungwa? Mama wa watu alipomsihi, Ilyasi alimkabidhi funguo zote. Huruma nayo ina gharama yake.

Kutoka hapo alikwenda mahakamani. Karani, Jean-Berchmans, alimsikiliza huku akichomoa uzi kwenye mkono wa koti lake.

"Ulipatana na nani?"

"Na Silvère."

"Basi mshtaki Silvère, ukimpata. Yule mama hudaiani naye."

"Nirudishiwe milango yangu tu. Siombi kingine."

"Ingekuwa bado imeegemezwa ukutani, tungezungumza. Umeitundika, Mzee. Kilichoshikamana na nyumba ni cha nyumba."

"Na mimi nimeshikamana na nini?"

Karani akamwita mtu mwingine.

Tangu ujana Ilyasi aliamini kuwa sheria ni kama timazi, hunyooka hata ishikwe na nani. Sasa aliona kwamba imenyooka kweli; ila ukuta ulijengwa yeye akiwa nje.

Karakanani kwake Gikondo alimkuta Usumani, muuza mbao aliyemkopesha mbao zote za milango ile, na Ilyasi akamwekea rehani mashine yake ya kupiga randa. Gari la kuichukua lilikuwa limeegeshwa nje.

"Ndugu yangu," alisema Usumani, macho chini, "na mimi nabanwa. Waliokata miti hawangoji."

Mashine ilikuwa imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji. Maneno ya karani kuhusu kilichoshikamana na nyumba yakamjia Ilyasi ulimini, mazima mazima. Angeyatamka, Usumani angerudi mikono mitupu, aanze naye kuzunguka kwa makarani. Akamtazama. Ndara moja ya Usumani ilikuwa imefungwa kwa kamba.

Ilyasi akayameza maneno, akachukua spana.

Nati ya mwisho ilikuwa imeota kutu, ikagoma. Usumani akapiga magoti, wakaizungusha pamoja, mkono juu ya mkono, hadi ikaachia.

"Shika upande ule," alisema Ilyasi. "Huu wa mota ni mzito. Niachie mimi."