Maksai Aliyeliwa kama Ndama

Wapo mpaka leo wanaosifu kwamba Mjerumani alituletea reli. Reli ilifika Morogoro juu ya mabega ya watu wetu, na watu hao walilishwa ng'ombe waliochoka kama wao, nyama ya kutafuna mpaka taya ziume. Ng'ombe wachanga walikwenda jikoni kwa bwana mkubwa wa reli. Hilo hatulisahau. Lakini mwenye kumbukumbu ndefu hana haki ya kukumbuka mabaya peke yake, kwa hiyo na hili la Mwinjuma lisemwe.

Mwinjuma alikuwa mchinjaji kambini. Alhamisi moja asubuhi askari alimletea mtamba mwekundu aliyenyang'anywa bibi mmoja wa Kinole, Chausiku. Bwana mkubwa alikuwa na wageni Jumapili. Mara ya mwisho alipopelekewa ng'ombe mzee alisema amelishwa kiatu, na mchinjaji wa wakati huo akalazwa kifudifudi, akala hamsa ishirini za kiboko. Safari hii anataka mchanga. Askari alimfunga mtamba, akaenda zake kwenye pombe.

Chausiku alikuwa amemfuata ng'ombe wake kwa miguu tangu mlimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usimchinje. Nina mjukuu, mama yake kaondoka na ile njaa ya baada ya vita. Namnywesha uji wa maji matupu, nangoja huyu azae."

Mwinjuma akamfunua mtamba mdomo. Meno mawili makubwa mbele, mengine bado ya utoto. Nyama laini, kweli, ndiyo iliyotakiwa. Akapapasa tumbo, na ndama aliyemo akamsukuma kiganja. Mchinjaji wa kwetu hamchinji mwenye mimba huku akijua.

Nyuma ya banda alisimama maksai wake mwenyewe, aliyevuta magogo mpaka meno yakasagika, akingoja kuuzwa kambini awe kitoweo cha vibarua.

"Mchukue mnyama wako, bibi. Fuata mto, usipite barabarani."

"Na wewe je?"

"Mgongo ninao."

Akamchinja maksai. Kichwa, ngozi na kwato, vyenye kutoboa siri ya umri, alivigawa kwa vibarua kabla askari hajarudi, kisha akajitwika nyama. Akaipeleka jikoni kwa bwana mkubwa. Mpishi alikuwa Alois, kijana wa misheni, na Jumanne tu iliyopita Mwinjuma alimwita mbele ya watu mlamba sahani za Wazungu.

Sasa Alois aliyabonyeza mafuta kwa kidole gumba. Manjano. Akagonga mfupa kwa kisu, ukalia kama jiwe. Nyama yenyewe ilikuwa nyekundu ya kuelekea weusi, nyuzi zake nene kama kamba.

"Huyu ndama," alisema taratibu, "ameacha wajukuu wangapi?"

Mwinjuma alichungulia nje kama askari yupo.

"Sema, sheikh. Jumanne ulikuwa na maneno mengi."

Mwinjuma akamweleza yote: bibi, mtoto, mimba. Alois alikuwa akipangusa kisu.

"Ikijulikana, wataanza na mimi. Mimi ndiye ninayepeleka sahani."

"Najua."

"Basi kaniletee siki dukani kwa Hasanali. Nyingi. Halafu uende zako, unanuka damu."

Ng'ombe mzee ana ladha ambayo mchanga hajaipata bado. Ubaya wake ni ugumu, na ugumu unataka muda. Vibarua hawakupewa muda huo, walirushiwa nyama jioni wakaichemsha kwa njaa. Alois aliitundika penye upepo, kesho yake akailaza kwenye siki na vitunguu na karafuu. Jumapili alfajiri aliibandika kwenye makaa machache na kuiacha mpaka mchana. Kisha akaikata vipande vyembamba, kisu kikikatisha nyuzi.

Mwinjuma alijibanza nyuma ya jiko. Vyombo vililia, halafu buti zikaja. Bwana mkubwa alisimama mlangoni, kitambaa bado shingoni.

"Ng'ombe huyu umri gani?"

"Mchanga sana, bwana mkubwa," alisema Alois. "Alilishwa vizuri tu."

"Hata kwetu Ulaya sijala ndama mwenye ladha hii." Akarudi kwa wageni wake.

Mwinjuma alijiziba mdomo asicheke, na alipoondoa mkono akakuta uso umelowa.

"Ahsante, ndugu yangu," alisema.

"Nipishe nioshe masufuria."

"Lete. Naosha mimi."

Na mtu huyo, aliyeapa hatagusa chombo cha Mjerumani, alichuchumaa akasugua masufuria yote kwa majivu.

Mtamba alipozaa, Chausiku aliteremka tena, mjukuu mgongoni na kibuyu cha maziwa mkononi, kwa ajili ya Mwinjuma. Mwinjuma hakukipokea. Alimpeleka hadi mlango wa jiko.

"Huyu hapa, bibi. Mimi nilichinja tu."

Chausiku alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti. Alois aliona haya, akamwinua upesi. Alionja kidogo, akamimina yaliyobaki kwenye kikombe cha udongo, akachutama mbele ya mtoto.

"Mazito haya," alisema. "Polepole, mama, usipaliwe."

Mtoto alikunywa mpaka kikombe kikamfunika uso.