Kishubaka cha Usawa wa Bega

Waliomkataza fundi cherehani asiende mlimani walikuwa wengi, na kila mmoja alipewa jibu lake. Daktari alimwambia magoti yale si ya kupanda mlima. Akamjibu kwamba magoti ni yake na ameshakwenda nayo kwingi. Muuza vitambaa, ambaye duka lake lilitazamana na chumba cha kushonea, akamtania, "Bibi wewe, huko juu unaenda kutafuta mume?"

"Ndiyo," akasema, uzi bado uko mdomoni. "Yuleyule."

Muuza vitambaa akacheka, kisha akaona anacheka peke yake, akarudi kupanga majora yake.

Basi ilikuwa hivi. Mumewe alikuwa mwashi, fundi wa kujenga kwa mawe, na vita vilipokuja alichukuliwa pamoja na wanaume wengine wa mtaa, wakapelekwa kuulinda mlima ule. Alimwacha mkewe na mimba changa. Vita vikaisha, waliorudi wakarudi, yeye hakurudi. Hapakuwa na maiti wala kaburi, hata mahali pa kwenda kukaa chini ukalia kama watu. Hilo ndilo lililomkaa fundi kooni miaka yote. Kifo chenyewe alikwisha kukilia, jamani, alikilia mpaka macho yakakauka. Lakini wajane wenzake walikuwa na kaburi la kuelekezea uso, yeye alikuwa na mlima mzima, na mlima mzima ni mkubwa mno kwa mtu mmoja kuutazama.

Tena ulikuwa umefungwa, kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Juzijuzi tu ndipo yalipomalizika kuteguliwa, njia zikachorwa alama za rangi, na mahandaki ya askari yakawa mahali pa matembezi. Siku hizi watu wanapanda huko kila mwisho wa wiki na viatu vya rangi kali, wanakula ndizi juu ya mawe, wanapiga picha na kuteremka. Hakuna ubaya. Mlima umepumzika, acha na watu wapumzike.

Lakini fundi hakuwa akienda kubahatisha. Mwashi yule alikuwa na tabia yake moja. Kila ukuta aliojenga nyumbani aliuachia kishubaka, kile kitundu cha kuwekea taa au kikombe, na hakukipima kwa futi wala kwa kamba. Alikipima kwa bega la mkewe. Ukuta ukianza kupanda alipaza sauti, "Mama weee, njoo usimame nipime!" Naye alitoka jikoni na unga mikononi, akilalamika, akasimama mgongo ukutani. Mume aliweka kiganja bapa begani kwake, akachora alama kwa mkaa, na hapo ndipo mdomo wa kishubaka ulipokaa. Kisha aliusugua ule mdomo kwa jiwe jingine mpaka uwe laini na mviringo. "Nisije nikakuchania mkono wa gauni," alisema. "Wewe ukichanika gauni, mimi nalala nje."

Vita vilipokwisha alikuja mpishi wa kikosi chao, akaketi mlangoni, akasimulia. "Mumeo alitujengea ukuta wa handaki la juu kabisa, pale kwenye mgongo wa mlima. Sisi tulitoboa matundu kila mahali: ya risasi, ya taa, ya kuchungulia. Yeye akaweka la kwake, halina kazi yoyote ya kijeshi. Tukamuuliza, hili nalo la nini? Akasema, hili ni la mama watoto. Tulicheka mpaka mkubwa wetu akatunyamazisha. Jioni zote alikuwa anaegemea hapo, kikombe chake kimo humo."

Mpishi naye ameshatangulia. Nyumba yenye vishubaka ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Kwa hiyo katika dunia nzima kipimo cha mwashi kilibaki mahali pamoja tu, kwenye bega la mkewe, na fundi alitaka kulipeleka bega hilo mlimani kabla magoti hayajagoma kabisa.

Alipanda na binti yake, yule aliyeachwa tumboni, ambaye sasa alikuwa muuguzi na mama wa watu. Binti alikwenda kwa sababu ya magoti ya mama yake, si kwa sababu ya baba. Habari za baba hakuwahi kuziulizia sana. Alipokuwa bado msichana, fundi alimsikia akimwambia rafiki yake, "Mtu hujamwona hata siku moja, unamlilia nini?" Maneno yale yalimchoma fundi, akayameza. Hata siku ya harusi ya binti, alipomvalisha gauni la harusi aliloolewa nalo yeye fundi, likamkaa binti kama alishonewa, bila kuongeza wala kupunguza hata sindano moja, fundi alitaka kusema, laiti baba yako angekuona. Akaona asimharibie siku. Akarekebisha shela, akanyamaza.

"Mama, pumzika," binti akasema njiani.

"Nikipumzika sinyanyuki tena. Twende."

"Basi shika fimbo vizuri. Umeikodi ya nini kama unaibeba begani?"

"Namshikia mtu atakayechoka," fundi akasema, ilhali jasho linamtiririka. Kikundi cha wapanda mlima kikawapita kikicheka, wakamwamkia kwa heshima, na mmoja akamsifu kwa nguvu zake. Fundi akanyoosha mgongo mpaka walipokata kona, kisha akakaa juu ya jiwe akasema maneno mabaya kuhusu goti la kushoto.

Walifika. Handaki la juu lilikata mgongo wa mlima kama kichochoro, sakafu yake mwamba mtupu, kuta zake mawe yaliyopangwa, zimeota majani kwenye nyufa. Matundu yalikuwa mengi ajabu. Fundi aliusogelea ukuta, akageuka, akasimama mgongo maweni, kidevu juu, mikono imeshuka, kama bibi harusi anayepigwa picha. Akapapasa kwa kiganja kutoka begani kwenda nyuma. Hapana. Akasogea. Lile lilikuwa chini, kiunoni. Lililofuata lilimfika shingoni. "Hili la mrefu," akalitupia mkono, akapita. Jingine juu ya kichwa. Jingine chini tena.

Binti alimfuata na chupa ya maji. Watu walipita, wakasema samahani, wakapinda kumpisha bibi aliyekuwa anajipima ukutani.

Karibu na mwisho wa handaki, moja likamfika begani. Begani kabisa! "Hili hapa!" akasema. "Mwanangu, hili hapa!" Binti akaweka chupa chini, akamkumbatia, akasema, "Mungu mkubwa, mama, tumelipata." Fundi akageuka aliangalie.

Lilikuwa tundu la ovyo. Mawe yamerundikwa tu, moja linacheza, mdomo wake umechongoka kama jino bovu. Akaupitisha mkono, na mkono wa gauni lake ukanasa.

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Binti ameshafurahi, magoti yamechoka, na nani angejua? Angelia hapo, angeshuka, angekuwa na mahali pake. Lakini huyu hakuwa mume wake. Mume wake asingejenga hivi hata kwa mtutu wa bunduki kisogoni.

"Silo," akasema.

"Mama, bega si ndilo?"

"Bega ndilo. Mkono sio wake." Akauchomoa mkono wa gauni taratibu, uzi kwa uzi. "Haya. Labda lilibomoka. Labda mpishi alinidanganya anifurahishe, watu wengine ndivyo walivyo. Twende zetu." Na alivyosema twende zetu, sauti ikamkatika. Binti akamshika mkono, akamrudisha polepole walikotokea, akamketisha kwenye jiwe avute pumzi.

Wale wapanda mlima waliowapita walikuwa bado hapo, wanajipanga. Mmoja akamwomba binti awapigie picha, akampa simu. Binti akasimama mbele yao.

"Rudi nyuma kidogo, dada, tutoshe wote!"

Akarudi.

"Kidogo tena! Huyu mnene hajaingia!"

Wakacheka, na mnene mwenyewe akacheka. Binti akarudi mpaka mgongo ukagonga ukuta, akatulia hapo, akainua simu.

Fundi alikuwa anajikanda goti. Akainua uso kwa sababu ya kicheko, akamwona binti yake amesimama mgongo ukutani, na nyuma yake kishubaka kilekile alichokitupia mkono, kile cha mrefu. Mdomo wake ulikuwa umekaa begani mwa binti.

Sasa hapa lazima nimseme kidogo. Huyu ni mwanamke ambaye kazi yake ni kupima miili ya watu. Wazee wa mtaa mzima huja kwake na magauni yao ya zamani yanayoburuta, na yeye huwapandishia pindo huku akiwacheka, "Bibi, umefupika! Unarudi kwenu ardhini!" Magauni yake mwenyewe ameyapandisha pindo mara ngapi, akisingizia kitambaa, akisingizia mtindo. Lakini kichwani alibaki na kimo kilekile cha siku aliyoitwa jikoni akiwa na unga mikononi. Amepima kila mtu asijipime. Amepanda mlima mzima na bega lisilokuwepo tena.

"Usisogee!" akapiga kelele.

Wapanda mlima wote wakaganda. Mmoja akaruka juu ya jiwe akidhani ni nyoka.

Fundi akainuka. Goti likalia, hakulisikia. Akafika kwa binti yake, ambaye alikuwa bado ameinua simu, akaweka kiganja bapa begani kwake, akakisukuma nyuma. Kiganja kikatoka begani kikaingia kwenye kishubaka bila kupanda wala kushuka. Akaupapasa mdomo. Ulikuwa laini. Ulikuwa mviringo. Akauburuza mkono wa gauni juu yake, huku na huku, kwa makusudi, na haukunasa popote.

"Weee," akasema, polepole, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. "Kumbe uko hapa. Na mimi nimekupita. Nimekupita nikasema wewe si wangu."

"Mama?" binti akasema. "Mama, una nini?"

"Nimefupika, mwanangu." Alikuwa anacheka na machozi yanamwagika. "Nimekuwa bibi kizee, na yeye hana habari. Alinipima nikiwa kama wewe. Gauni langu hukulivaa wewe? Likakukaa bila sindano! Na mimi nazunguka hapa na bega la kikongwe, mjinga mkubwa mimi!"

Binti akataka kugeuka atazame.

"Simama hapohapo. Ndivyo alivyokuwa akinisimamisha. Mgongo ukutani, usilalamike. Yeye angekuwa hapa mbele yako, karibu hivi, ananuka vumbi la mawe. Halafu mkono wake hapa." Akambonyeza bega. "Mzito kidogo kuliko wangu."

Binti alikuwa muuguzi, aliwahi kushika mikono ya watu wengi wakati wao wa kuondoka bila kutikisika. Sasa akashusha simu, akaegemea mawe, na bega lake likatulia penye ule mdomo laini kama lililokuwa likisubiriwa. "Baba," akasema. Alilisema kwa uzito, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, kisha akalisema tena. Halafu akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mbele ya wageni, akimlilia mtu ambaye hajamwona hata siku moja.

Fundi hakumfuta machozi. Alikuwa amesubiri muda mrefu kuyaona. Aliacha kiganja chake palepale, nusu begani, nusu jiweni, na upepo wa mlimani ukawapitia wote wawili.

Wapanda mlima walitazamana. Yule mnene, ambaye simu ilikuwa yake, akasogea kwa adabu, akanong'ona, "Samahani mama, kuna tatizo? Tumsaidie dada?"

"Hakuna tatizo, baba," fundi akamwambia, hakugeuka. "Subirini kidogo tu. Baba yake anampima."